Futa Akiba

Tarehe 4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi huku wazima. Kikohozi kilichonikaba mwezi uliopita kimeniachia, paka wa jirani amehamia kwetu bila kuomba ruhusa, na mvua imenyesha siku nne mfululizo mpaka nguo zote zinanuka kabati. Mama hajambo.

Najua utaguna: simu zipo, barua pepe zipo, huyu ananunua stempu za nini. Lakini kwenye simu husikii, na ulishaniambia kwamba barua pepe ni mgeni anayeingia kwanza ndipo abishe hodi. Basi nimebisha.

Jambo lenyewe ni tovuti yako. Nilipokutengenezea, miaka minne iliyopita, ilikuwa na picha mia mbili. Sasa ni elfu nne na kitu, nyuso za watu wote waliowahi kukaa kwenye kigoda chako mbele ya pazia la bluu, na tovuti imeelemewa. Ukurasa mmoja unachukua sekunde arobaini kufunguka. Nimehesabu. Kwanza ni weupe mtupu, halafu linakuja paji la uso, halafu macho, na kidevu kinafika mtu ameshakata tamaa. Watu wanalalamika.

Nataka niiwekee plagini, yaani kiprogramu kidogo unachokipachika kwenye tovuti ili iende mbio. Ziko nyingi, inabidi tuchague. Sitaki kugusa kitu chako nyuma ya mgongo wako, maana nakujua.

Mpwa wako,
Maswali


Tarehe 27 Februari

Maswali,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembeni, kwa hiyo hizo mvua naziamini. Mimi nipo. Goti linaniwekea kinyongo kila nikipanda ngazi, masikio yamekwenda likizo na hayakusema yatarudi lini, lakini macho bado yako kazini. Mwenye duka la vitambaa hapo mbele amepaka ukuta wake rangi ya manjano. Tangu hapo, kuanzia saa nne asubuhi, mwanga unaruka kutoka kwake, unaingia studio na kulala sakafuni mpaka saa sita. Mimi naacha kazi nauangalia. Wateja saa hizo ni wachache, na anayekuja anamkuta mzee amekaa kwenye kigoda cha wateja, hajui kama anasubiri kupiga picha au kupigwa.

Sekunde arobaini ndizo unaziona nyingi? Zamani mtu alipiga picha Jumatatu akaiona Ijumaa, na siku zote hizo alitembea mtaani akijiuliza ametokaje. Mle kwenye chumba cha giza uso ulikuwa unakuja hivyohivyo, polepole, ndani ya maji, na mpaka leo sijaona kitu kizuri kuliko hicho. Tovuti yako imenirudishia ile raha bila wewe kujua, na sasa unataka kuitibu. Haraka haraka haina baraka, mwanangu.

Halafu umeandika kwamba watu wanalalamika. Watu gani? Mimi hapa sijaletewa lalamiko hata moja.

Wasalimie wote nyumbani.

Mjomba wako


Tarehe 19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Huku kwema kwa kiasi chake. Paka amezaa ndani ya sanduku la viatu vyangu vya kazini, watoto wanne, kwa hiyo wiki hii nimekwenda ofisini na ndara na bosi amejifanya hajaona.

Umenibana, na mimi kwa uongo sina kipaji. Anayelalamika ni mtu mmoja. Ni mama.

Niliandika kwamba hajambo. Mwili hajambo. Lakini tangu mwaka jana mambo ya leo hayakai kichwani mwake. Ya zamani yapo yote, mpaka rangi ya daftari lake la darasa la pili. Ya asubuhi ya leo yanamtoka kabla chai haijapoa. Daktari anasema itaendelea hivyo, na iko siku ya zamani nayo yataanza kuondoka.

Kila asubuhi anakaa mezani karibu na dirisha, anavuta kompyuta yangu, ananiambia, "Nifungulie mama yangu." Ni ile picha ya bibi akiwa kijana, ya kabla wewe hujashika kamera, gauni la vitone, namba 1127. Nafungua. Unakuja ule weupe. Mama anaweka kidole kwenye kioo na kusubiri, na kabla bibi hajafika hata nyusi, ananigeukia: "Tulikuwa tunamtafuta nani?" Namwambia. Anafurahi kama ndiyo kwanza anasikia. Halafu anasahau tena. Asubuhi nyingine tunarudia mara tano na bibi hatumfikii, mpaka chozi linamtoka bila yeye kujua analilia nini. Nilimchapishia picha hiyohiyo kwenye karatasi, akaisukuma pembeni. Anasema hiyo ni yangu mimi, yeye anataka ile iliyoko kwa Macho. Sikujua kama Macho ni wewe mpaka mwaka huu.

Kwa hiyo haraka si yangu, mjomba. Ni yake.

Sasa plagini. Zote kazi yao ni moja: tovuti ikishaupika ukurasa mara moja, plagini inaweka nakala pembeni, na anayekuja baadaye anapakuliwa ile nakala badala ya kusubiri upikwe upya. Nakala hizo zinaitwa akiba. Nimejaribu tatu. Ya kwanza ina vitufe sabini na tisa, na ukikosea kimoja picha zinalala ubavu. Ya pili ni nyepesi, unaiwasha unaiacha, ila ukibadilisha kitu kwenye tovuti kuna wakati inabidi uende juu kulia ubonyeze palipoandikwa "Futa akiba". Ya tatu inajifanyia kila kitu, lakini inataka picha zako zote zihamie kwenye mashine za watu usiowajua, na hapo nilikusikia ukikataa hata kabla sijakuandikia. Chagua wewe.

Mpwa wako,
Maswali


Tarehe 11 Aprili

Maswali mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliifungulia kwenye ngazi, nikakaa palepale. Mwenye duka la vitambaa akavuka barabara kuja kuuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo, akatafuta damu, hakuiona, akarudi dukani kwake.

Mwaka mzima hukuniambia. Na mimi mwaka mzima sikuuliza, wala ile kumi na saba ya kabla yake. Basi tusilaumiane.

Weka ya pili. Ya kwanza ni ya mafundi wanaotaka waonekane mafundi. Ya tatu ni ya watu wasio na makabati. Barua hii ikifika asubuhi, iwe imewekwa kabla ya mchana.

Ila hilo neno la kufuta akiba usinitajie tena. Akiba yangu ni makabati saba ya negativi, zile filamu zinazozaa picha, na picha nilizoziingiza kwenye kompyuta moja moja mpaka shingo ikapinda. Miaka arobaini na moja sijatupa uso hata mmoja, hata wa yule bwana aliyekataa kuchukua picha yake kwa kuwa ilimwonyesha alivyo. Akiba haiozi, walisema waliotutangulia, na mimi naongeza kwamba haifutwi kwa kitufe. Siku utakayosikia nimekibonyeza, ujue nimepata wazimu, uje na kamba.

Na wewe nijibu kitu. Akiifungua hiyo 1127, anaangalia na chini yake, palipo na maneno? Bado anasoma?

Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Watoto wa paka wamefumbua macho, na mmoja tumemwita Kigoda kwa sababu anakaa tu. Barua yako ilifika tarehe 22 saa tatu asubuhi. Kufika mchana plagini ilikuwa imekaa mahali pake, nimeipitisha kwenye kurasa zote elfu nne, kila moja imewekewa nakala. Amri ya mjomba imetimizwa.

Sekunde moja. Mama alisema nifungulie mama yangu, nikabonyeza, na bibi akawa yupo, mzima, vitone vyote, mkono kiunoni. Mama hakupata nafasi ya kusahau. Alivuta pumzi akasema, "Huyu hapa." Akakaa naye mpaka jua likahama kwenye meza. Tangu siku hiyo ni hivyo kila asubuhi, na nyumba imekuwa na utulivu ambao sijui hata nikuelezeje, kana kwamba kuna mtu wa tatu amekaa nasi na hana haraka ya kuondoka. Ahsante, mjomba. Nasema ahsante nikiwa nimesimama.

Kuhusu akiba sitabishana na mwenye makabati saba. Picha zako ni za miaka na miaka, nani atabadilisha nini? Nimeiamuru plagini itunze nakala bila ukomo. Huna haja ya kubonyeza chochote.

Na ndiyo, anasoma, vizuri kabisa. Kila asubuhi akishamwangalia bibi anateremsha kidole, anasoma maneno ya chini mpaka mwisho. Halafu anakunja uso, anageukia dirishani. Nimemuuliza mara mbili kuna nini. Hajibu.

Mpwa wako,
Maswali


Tarehe 30 Mei

Maswali,

Nimefurahi kwamba nyumba imetulia. Hapa kwangu hakuna jipya.

Nimeamua kufunga tovuti. Malipo yake ya mwaka yanakwisha mwisho wa Agosti, sitayaendeleza. Zile nyuso zilikaa gizani miaka mingi bila kuonwa na mtu na hazikudhurika. Mama yako mpe ile picha ya karatasi, ataizoea.

Usiniulize sababu. Mtu akisoma maneno mpaka mwisho, kila asubuhi, kisha akageukia dirishani, amejibu. Kimya nacho ni jibu, na mimi bado naelewa Kiswahili.

Mjomba wako


Tarehe 14 Juni

Mjomba, shikamoo, na leo sina habari za paka.

Barua yako nimeisoma mara nne na bado sijaielewa. Amesoma maneno gani? Pale chini ya bibi pameandikwa: "Namba 1127. Mwanamke, gauni la vitone." Basi. Ndivyo ulivyoandika wewe mwenyewe ulipoiweka picha, na hicho ndicho anachokunjia uso. Jana alinijibu hatimaye. Alisema, "Mwanamke. Kama hakuzaa." Ndiyo hasira yake yote.

Au kuna kitu umeandika? Kama umebadilisha maneno yale baada ya tarehe 22 Aprili, sisi huku hatujayaona. Utakuwa umeyabadilishia ndani ya ghala la tovuti zinamohifadhiwa picha, ukurasa wenyewe hujaugusa, kwa hiyo plagini haikushtuka. Inampakulia mama nakala ileile ya zamani kila siku. Wewe unayaona kwa sababu unaingia kama mwenye tovuti, na mwenye tovuti hapewi nakala, anaonyeshwa kitu chenyewe. Na mimi ndiye niliyeiambia itunze bila ukomo. Nilidhani hakuna kitu chako kinachobadilika. Nisamehe kwa hilo.

Akiba si negativi zako, mjomba. Akiba ni nakala ya ukurasa tu, ni picha ya picha. Ukiifuta, hakipotei hata kitone kimoja cha gauni la bibi. Tovuti inapika upya, basi.

Sijafuta kitu. Nakusubiri wewe. Uliandika nini?

Maswali


Tarehe 3 Julai

Maswali mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku tano. Saa nne ukija ule mwanga wa manjano, nimeisomea humo kila siku, na kila siku nimejiona mjinga kwa upande mwingine. Kwanza kwa neno hilo akiba. Halafu kwa mengine.

Mama yetu alipokuwa kitandani, mwezi wake wa mwisho, nilimpiga picha. Mwanga wa dirishani ulikuwa umemwangukia shavuni na mkononi, mwanga ambao sijaupata tena. Mama yako aliniambia neno moja tu: hiyo isitoke nje. Mwezi mmoja baada ya kumzika nikaikuza, nikaitundika kwenye dirisha la studio. Wapita njia walisimama wakaisifu, na mimi nikasimama nao nikajisifu. Siku ya tatu mama yako akaja. Alisimama nje, upande wa pili wa kioo, muda mrefu, mdomo wa mama pichani umekauka vile, watu wanamtazama. Akaingia, akaigeuza ikaangalia ukutani, akatoka. Hakunitukana. Angenitukana ingekwisha mwaka uleule. Nikasema nitamfuata kesho, kesho ikawa miaka kumi na minane.

Ulipoandika kwamba anamtafuta mama kila asubuhi, na anamtafutia kwangu, niliandika na kufuta kwa wiki mbili. Tarehe 25 Aprili nikaweka haya chini ya 1127:

"Huyu ni mama yetu. Dada, ulinikataza nikaziba masikio. Niliuona mwanga, mama sikumwona. Nisamehe. Macho."

Nikaanza kusubiri. Kila asubuhi nilifungua nikaona yapo, nikasema leo atayasoma. Ukaniandikia kwamba anasoma mpaka mwisho na anageukia dirishani. Hebu jiweke mahali pangu.

Sasa naogopa. Pengine afadhali asiyasome. Anaishi vizuri na mama yake wa sekunde moja, kwa nini nimletee dirisha lile asubuhi asubuhi? Amua wewe. Kitufe unakijua kilipo.

Mjomba wako


Tarehe 26 Julai

Mjomba, shikamoo.

Tuko wazima. Wala usitafute maana nyingine katika hilo.

Nimefuta akiba. Ilikuwa tarehe 13, saa moja asubuhi, mama akiwa bado anafunga kitambaa chake kichwani. Nilibonyeza mara moja, nikatazama nyuma kama niliyeiba. Akaja, akakaa, akasema nifungulie mama yangu. Bibi akafunguka. Kidole kikateremka. Alisoma kwa sauti, akafika kwenye neno Dada akapunguza mwendo, akamaliza. Akarudia kuanzia juu. Nikadhani atageukia dirishani. Akanigeukia mimi. "Amechukua muda," akasema. "Lakini huyu tangu utotoni alikuwa anachelewa kula, anachelewa kuoga." Akalia, mjomba, kilio cha kawaida cha mtu anayejua anachokililia. Akasema nikuambie yaishe.

Nilianza kukuandikia barua palepale. Kesho yake ikawa sikuweza kuituma, maana alikaa, akafungua, akasoma, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Hakukumbuka kwamba amekusamehe. Ikabidi akusamehe upya. Na kesho kutwa vilevile. Siku ya nne alisoma akafunga kompyuta kwa kishindo: "Akae na dirisha lake." Siku ya tano akasamehe. Nimeandika ukutani, nyuma ya kalenda. Katika siku kumi na tatu amekusamehe tisa, amekataa mbili, na siku moja alicheka tu mpaka akaomba maji.

Ya kumi na tatu ilikuwa jana, nayo ndiyo iliyonifanya niache kusubiri. Alisoma mpaka mwisho, akasema, "Dirisha" (neno ambalo wewe hukuliandika, lilimtoka mwenyewe), halafu akaniuliza, "Dirisha gani?" Akarudi kwenye jina lako. Akalitazama sana. Akasema, "Macho," taratibu, kama anayejaribu ufunguo. Baadaye akalipata. Lakini lilimchukua muda, mjomba. Lile alilosema daktari limeanza.

Nilitaka kukuletea jibu. Sina, kwa sababu jibu lake halikai. Naweza kukuandikia kwamba umesamehewa, na barua ikifika huenda ni siku ya kukataa. Hiki si kitu cha kutumwa. Njoo.

Maswali


Tarehe 9 Agosti

Maswali,

Malipo ya mwaka ya tovuti nimeyalipa. Studio nimeifunga, ufunguo anao mwenye duka la vitambaa, nimemwambia sijui narudi lini na hakuuliza.

Nafika Jumanne kwa basi la asubuhi. Usimwandae wala usimvalishe nguo mpya. Maneno yale yaache palepale, ayasome kama kawaida yake, mimi nitakuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Akisamehe, nitakuwa nimesikia kwa masikio yangu haya yaliyobaki.

Akiwa amesahau kosa lenyewe, nitakaa mbele yake nimweleze lote, picha, dirisha, na watu waliosimama, kisha ndipo nimwombe. Sitaki anisamehe mtu asiyejua nilimfanyia nini. Na akiwa amenisahau mimi, nitaanzia hapo.

Ikiwa Jumanne ni siku ya kukataa, nitoe nje ya chumba, unipe kiti jikoni. Nitamngojea Jumatano.

Macho